Kisasi cha Mbeba Zege

Jumanne, tarehe 5

Mke wangu kafa jana. Saa nne asubuhi. Presha. Alikuwa anafua. Jirani kamkuta kaegemea ukuta, shati langu la kazi mkononi. Mimi nilikuwa ghorofa ya tatu na ndoo ya zege begani. Nyapara akapiga filimbi, akaniita mimi peke yangu. Nikadhani kuna kazi nyepesi. Nikashuka nacheka.

Leo tumezika. Watu wengi kuliko nilivyotegemea. Si wangu. Ni wateja wa ukumbi wa video. Mke wangu alikuwa mtafsiri pale miaka kumi na moja, Jumamosi na Jumapili mchana. Picha za kung fu. Zile za bei rahisi, zilizopigwa zote kwenye uwanja mmoja, mti mmoja, ukuta mmoja unaotikisika mtu akiuegemea. Wachina wanaongea kwenye televisheni, yeye kashika maikrofoni anatuambia wanasema nini. Sauti zote yeye. Mzee yeye, adui yeye, mwenye hoteli yeye, hata farasi yeye.

Mwenye ukumbi kalia kuliko mimi. Nilimwonea wivu. Mimi machozi yaligoma. Nilikohoa tu.

Baada ya mazishi kasimama dada yake marehemu. Shemeji yangu. Mwanamke mrefu, mabega kama mlango. Kasema mbele ya watu wote kwamba Jumapili saa nne anakuja kumchukua mtoto. Eti mbeba zege hawezi kulea mtoto wa kike wa miaka kumi. Eti atamlisha nini, saruji? Watu wakatikisa vichwa kukubali. Na mimi nikatikisa! Mazoea ya kazini. Mtu akiongea kwa sauti kubwa, mimi natikisa kichwa. Binti yangu akaniona.

Nyapara kanipa wiki moja. Jumatatu nisipoonekana, ataweka mtu mwingine.

Naandika nyuma ya daftari la hesabu la binti. Nilisoma mpaka darasa la nne, herufi zinanitosha. Kwenye picha, mwalimu akiuawa mwanzoni, stelingi, yule shujaa wa picha, anapiga magoti kaburini na kuapa kwa sauti. Leo kaburini palikuwa na watu, nikaona haya. Naapa hapa. Mtoto haondoki.


Jumatano, tarehe 6

Nimeamka na mpango.

Nimeona picha za kung fu zaidi ya mia tatu. Zote mstari wa mbele, bure, kwa sababu ya mke. Hakuna mtu wa kuniambia kitu. Mwalimu anakufa dakika ya kumi. Adui anacheka, mikono kiunoni, anacheka mpaka mwenyewe anasahau kilichomchekesha. Stelingi anapigwa. Anakimbilia mlimani. Huko yuko mzee wa nyusi nyeupe. Nyusi zimebandikwa, moja inaning'inia. Mzee anamtesa na kazi za nyumbani mpaka anaiva. Anashuka. Wale watu saba waliokufa mwanzoni wamerudi na masharubu, wanakufa tena. Sauti ya ngumi inafika kabla ya ngumi.

Na hili ndilo kubwa. Adui hata wawe ishirini, wanakuja mmoja mmoja. Wengine wanasubiri zamu, wanarukaruka pembeni. Anaanza dhaifu. Mkubwa wao anakuja mwisho.

Kwa hiyo Shemeji hatakuja yeye. Atatuma watu.

Nikaanza mazoezi. Stelingi hubeba ndoo mbili za maji, mikono imenyooka, miezi sita. Mimi nimebeba zege miaka ishirini na miwili. Nikapiga hesabu. Kumbe mimi bingwa tangu zamani, ila sikuambiwa! Nikapanda juu ya kopo la rangi uani. Mguu mmoja. Mikono kama ndege anayetaka kuruka. Nilidumu pale kiasi cha kupumua mara mbili. Kisha goti likalia. Kisha nikawa ndani ya beseni la kufulia.

Shati langu lilikuwa bado humo, kwenye maji yake ya juzi. Hakuna aliyeligusa tangu limtoke mkononi. Nikatoka taratibu. Nikaliacha kama lilivyokuwa.

Binti kaniuliza kama hii ni huzuni. Nimemwambia huu ni mtindo. Kauliza maharage nani anayaangalia. Loo! Yalikuwa jikoni tangu asubuhi. Sufuria imekuwa nyeusi ndani na nje. Tumekula mkate.

Saa tisa kaja wa kwanza. Si nilisema? Mjomba wa marehemu. Mzee mpole, silaha yake ushauri. Kaanza palepale mlangoni. Mtoto wa kike, baba, ana mambo ya kumuuliza mwanamke. Wewe utamjibu nini, baba?

Nikakumbuka mzee wa nyusi nyeupe. Mke wangu alimtafsiri sana, kila picha yumo, na kila picha anasema: Mwanafunzi! Nyumba yenye kiti cha miguu mitatu inamngoja nani? Mimi nilielewa siku ya kwanza. Ni mtego. Kinamngoja adui. Ndiyo maana kiti chetu kimoja kina miguu mitatu mwaka wa nne huu, na sijathubutu kukigusa. Mke wangu alikuwa anakitazama kile kiti, halafu ananitazama mimi, muda mrefu. Nilijua ananistaajabia.

Nikamkaribisha mjomba akae.

Kaanguka vizuri sana. Mkono umeteguka. Nimemfunga kitambaa mwenyewe, nikampa maji, kaondoka anasema asante baba. Moja bila.


Alhamisi, tarehe 7

Moja bila imenigeukia. Mjomba kawaeleza ukoo mzima kuwa nyumba yangu inaangusha wazee. Jirani kaniletea habari mbio, kafurahi kweli kuwa wa kwanza. Eti Shemeji kasema, kiti chenyewe kimeshindwa kukaa na yule mwanaume, sembuse mtoto!

Lazima nijue wanapanga nini. Kwenye picha ni rahisi. Unavaa ndevu. Ndevu zikishakaa, hata mama yako mzazi hakutambui. Anakukaribisha ndani na kukumwagia siri zote. Nikatoboa mto, nikatoa pamba. Gundi sina. Nina ile ya kazini, ya kubandika vigae, nusu kopo. Nikapaka kidevu chote. Inakauka upesi. Tunaisifia kwa hilo.

Nikaenda kwa Shemeji na fimbo, mgongo nimeukunja. Nikabisha. Nikasema kwa sauti ya kizee kwamba mimi msafiri, naomba maji. Kafungua mume wa Shemeji. Fundi cherehani, mtu mwembamba, ana huruma mpaka inaudhi. Kasema, pole ndugu yangu, ingia, umekula? Hata hakufikiri!

Mimi sikukata tamaa. Nikamwambia mimi si ndugu yake, mimi natoka mbali sana. Kasema, najua ndugu yangu, msiba unampeleka mtu mbali.

Shemeji katoka ndani. Kasimama. Nikangoja acheke, mikono kiunoni. Hakucheka. Kanikamata ndevu akavuta. Zikaja na mimi. Kavuta tena. Nikaja tena. Kauliza hii ni nini. Nikamwambia vigae. Kamtazama mumewe, kasema, Mungu wangu, mdogo wangu alikaa na huyu miaka yote hiyo, na hakuna aliyemlazimisha.

Kanirudisha nyumbani yeye mwenyewe. Kanishika mkono barabarani kama kipofu. Muuza mitumba wa pale kona kainuka kwenye kiti ili aone vizuri. Tulipofika, Shemeji kanikalisha uani, kamwaga mafuta ya kupikia, kaanza kukwangua na kijiko. Saa nzima. Kidevu changu mkononi mwa adui! Nikataka kumjibu maneno yake. Mdomo umeganda upande mmoja. Binti alikuwa kashika chupa ya mafuta, midomo kaibana, anatazama juu. Ni mara ya kwanza tangu Jumatatu nimeona anataka kucheka.

Kisha Shemeji kaona beseni. Kaona shati. Kainama, kalikamua polepole, kama kitu kinachoumia. Kalianika kwenye kamba. Halafu kakaa chini palepale kwenye sakafu yenye maji, kajifunika uso na mikono ileile yenye mafuta.

Nilitaka kusema kitu. Gundi.

Wakati wa kuondoka kajifuta, kasema Jumapili iko palepale.


Ijumaa, tarehe 8

Ndevu zimebaki upande wa kushoto. Binti kazipunguza na mkasi wa shule. Sasa nafanana na mmoja wa wale saba waliorudishwa kufa haraka haraka.

Nimemwuliza binti kama anataka kwenda kwa mama mkubwa wake. Kaniuliza kwani mimi nataka aende? Nikasema hapana. Kasema basi mbona hukusema makaburini. Nikaenda kufagia uani, nikafagia mara mbili.

Adhuhuri kaja mwenye ukumbi. Kakaa kwenye ndoo, kile kiti habari zake kazisikia. Kasema kesho watu wanataka picha na mtafsiri hakuna. Jana kajaribu kuonyesha hivihivi, wakavumilia mpaka Mchina wa tatu, wakaanza kudai viingilio vyao. Kaniomba mimi. Eti mtu aliyekaa mstari wa mbele miaka kumi na moja, lazima kashika lugha.

Kweli! Sikuwahi kulifikiria. Mpango wote ukaniangukia mara moja kama tofali. Mimi nashika maikrofoni. Namwalika Shemeji, na mumewe, na mjomba na mkono wake. Wanakaa. Wanaona ukumbi mzima kimya unanisikiliza mimi. Nani atamnyang'anya mtoto mtu mwenye maikrofoni? Nikampa mwenye ukumbi mkono hapohapo. Mwaliko nimeupeleka mwenyewe. Fundi cherehani kasema watakuja, bila shaka ndugu yangu. Kaniuliza kwa upole kama nitakuwa na ndevu.

Binti hakufurahi. Kauliza, baba, unajua wale wanasema nini? Nikamwambia najua, mama yako kanifundisha. Kasema, mama mwenyewe alikuwa hajui. Alikuwa anatunga. Ijumaa akipika anafikiria Jumamosi atasema nini, na mimi nilikuwa namsaidia sauti ya farasi.

Nikacheka sana. Nikamwambia asimsingizie marehemu. Mtu anaweza kutunga siku moja, mbili. Hawezi kutunga miaka kumi na moja na mume yuko mbele yake. Binti kanitazama vilevile mama yake alivyokuwa ananitazama. Muda mrefu.


Jumamosi, tarehe 9

Aibu! Naandika polepole ili nisiruke kitu.

Saa nane mchana ukumbi umejaa mpaka madirishani. Shemeji mstari wa pili, mumewe kulia, mjomba kushoto. Mimi kwenye stuli ya mke wangu. Maikrofoni ilikuwa bado inanukia karafuu. Alikuwa anatafuna akitafsiri, ili sauti isikauke.

Picha ikaanza. Mtu wa kwanza kafungua mdomo. Nikasikiliza kwa makini sana. Sikuelewa hata neno moja. Miaka kumi na moja!

Nikasema, anasalimia. Kumbe anakatwa kichwa. Ukumbi ukapasuka. Mwingine kaongea dakika nzima, machozi yanamtoka, nikasema, kakubali. Mwingine kapiga chafya, nikaitafsiri kwa maneno arobaini. Wa nyuma wakaanza. Mmoja kauliza hawa Wachina wa wapi. Mwingine kapiga kelele, wee mbeba zege, shusha ndoo upumzike! Mwenye ukumbi kajivuta kofia mpaka puani. Shemeji kafungua mkoba, kafunga mkoba.

Kisha kwenye televisheni akatokea mzee wa nyusi nyeupe. Nikashukuru Mungu. Huyu simtafsiri, huyu namjua kwa kichwa. Nikajaza kifua. Nikayatoa yote aliyowahi kusema.

Mwanafunzi! Nyumba yenye kiti cha miguu mitatu inamngoja nani? Mwanafunzi! Shujaa huviacha viatu vya saruji mlangoni. Mwanafunzi! Bati linavuja jikoni mvua ya tatu hii, mwenye ngazi yuko wapi? Mwanafunzi! Hata mwenye nguvu anaweza kupika siku moja. Mwanafunzi! Kichwa cha mwalimu wako kinauma mwezi wa pili sasa. Jumatatu msindikize kwa daktari.

Hapo nikasikia ninachosema.

Nikashusha maikrofoni. Ukumbi ukanyamaza. Kwenye televisheni wanapigana, hakuna anayetazama. Wote walikuwa wanajua. Miaka yote ile, mzee akisema Mwanafunzi, watu wanacheka na kunipiga mgongoni, na mimi nacheka nao. Nilidhani tunaipenda picha ileile. Yule wa nyuma, wa ndoo, kasema kwa sauti ndogo, pole, mwanafunzi.

Ile ya kichwa aliisema mwezi uliopita. Naikumbuka siku hiyo. Nilipiga makofi.

Nikaanza kukohoa, kama makaburini. Safari hii yakatoka. Yalitoka puani, mdomoni, kila mahali, na maikrofoni ilikuwa wazi. Ukumbi mzima umesikia. Mpaka nje kwa muuza mitumba.

Binti kaja mbele. Kanipokonya maikrofoni taratibu, kakaa kwenye goti langu, lile bovu. Adui kwenye televisheni akacheka, mikono kiunoni. Binti akacheka naye. Kicheko cha mama yake kabisa. Watu wakashtuka, kisha wakapiga makofi wamesimama.

Kwenye picha akatokea mwanamke mrefu wa hekalu jingine, anamvuta mkono msichana. Binti kampa sauti nene. Mwanangu, njoo kwangu. Kwangu kuna shuka safi, na maharage hayajawahi kuungua. Ukumbi ukacheka, Shemeji kasogea mbele kwenye benchi.

Msichana kwenye picha akainama. Binti kaacha sauti za kuigiza, kasema kwa sauti yake. Asante, mama mkubwa. Nakupenda. Lakini mimi sitoki. Huyu mzee nikimwacha atajibandika kwenye ukuta. Mama alianza kumfundisha, hakumaliza. Nitamalizia mimi. Wewe njoo utusaidie.

Mwanamke wa kwenye picha alikuwa bado anapiga mateke. Hakuna aliyejali. Vichwa vyote vimegeuka mstari wa pili. Mjomba katikisa kichwa kukubali. Fundi cherehani kampa mkewe kitambaa. Shemeji kajifuta, kasimama, katoka kabla stelingi hajashinda.

Sijui maana yake. Nimemwuliza binti, naye hajui. Nguo zake hatujazifunga, wala hatujazitundika.


Jumapili, tarehe 10

Saa nne kamili, Shemeji mlangoni. Nilikuwa nimesimama tangu saa kumi na mbili.

Hakuja na sanduku. Kaja na sufuria mpya. Kasema mtoto anabaki. Kasema nisijidanganye, si kwa sababu yangu, ni kwa sababu mtoto mwenyewe kasema na yeye ana masikio. Atakuja kila wiki, siku atakayotaka yeye, bila kutoa habari. Siku akikuta mtoto hajala, sitamwona tena. Nikasema sawa Shemeji. Nikasema na la pili, lililonikwama tangu jana. Kwamba mdogo wake alilalamika kichwa, mimi sikusikia. Kasema, alikuja kwangu pia. Nilimwambia ni uchovu.

Tukakaa pale wote wawili. Binti alikuwa anaosha maharage.

Kanifundisha kuyapika. Siri yenyewe ni kwamba hutoki jikoni. Basi! Hakuna anayekuambia mambo haya.

Kaondoka mchana. Nimekaa nikatafakari nimeshindaje. Ni wazi kabisa. Stelingi lazima apigwe kwanza, mbele ya watu, mpaka hata wewe mtazamaji unaona haya. Jana mimi nilipigwa kuliko stelingi yeyote niliyewahi kumwona. Na Shemeji sikumgusa hata kwa kidole, kaanguka mwenyewe. Huo ni mtindo wa juu kabisa. Wazee wa mlimani wanautafuta miaka mia hawaupati. Nimemweleza binti. Kaweka kichwa juu ya meza, hakuinua muda mrefu. Kazidiwa na fahari.

Sasa. Adui akishindwa, siku zote hutokea kaka yake mkubwa, mbaya zaidi. Nimefikiria sana ni nani. Ni nyapara. Miaka sita ananiita Wewe. Miaka sita kila mfuko wa saruji uliopasuka, nabeba mimi. Mpango ninao. Nikifika tu asubuhi, nitamzunguka. Niko peke yangu, ndiyo. Lakini nikikimbia vizuri ataona tuko wengi. Binti asijue.

Kesho narudi kazini.